Mchezo wa MB 140 kuufungua unadai GB 1.8 nyingine, kwa nini?

Baba Mapacha: Wakuu, habari zenu. Jana usiku nilipakua mchezo wa mbio za magari. Dukani umeandikwa MB 140, nikaona bando langu linatosha. Wanangu wamekaa pembeni wanasubiri, kuufungua tu: "Inapakua data ya ziada, GB 1.8." Ilipofika asilimia 31 bando likakata, watoto wakaenda kulala wamenuna. Nimeufuta. Hicho ni kirusi? Kama si kirusi, kwa nini wasiseme mapema?

Fundi_Pikseli: Pole sana, ndugu. Si kirusi. Natengeneza michezo ya simu, na hili linanigusa.

Faili la kusakinisha lina kikomo. Google Play kwa miaka mingi ilikubali MB 50 tu, mwaka 2015 ikapandisha hadi 100, na baadaye ikaongeza tena. Gari moja lenye rangi nzuri, sauti ya injini na barabara yake hula nafasi hiyo upesi. Ndiyo maana mwaka 2012 yaliletwa mafaili ya OBB, yaani ya data ya ziada: mawili, kila moja hadi GB 2, yanakaa nje ya programu yenyewe. Siku hizi kuna vifurushi vya data: vingine huja pamoja na programu, vingine huanza kushuka mara baada ya kusakinisha, vingine husubiri ufike hatua inayovihitaji.

Faida yake ni ya kweli. Simu zina chipu tofauti za picha. Moja inasoma picha zilizobanwa kwa mfumo wa ASTC, nyingine ya zamani inaishia mfumo wa ETC2. Tukizibana zote kwenye faili moja, utabeba mzigo usio wako, pamoja na sauti za lugha usizozijua.

Lakini wapo wanaopenda namba ndogo ikae dukani ili watu wasakinishe kwanza. Hapo nakataa kabisa. Dirisha la kusema "zimebaki GB 1.8, uendelee?" ni kazi ya saa chache kuliandika. Bando ni la mtumiaji, aulizwe.

Mama Tatu: Hata iPhone ni vivyo hivyo. Tangu iOS 9, nafasi ikibana simu yenyewe inaweza kufuta hatua ulizokwisha kumaliza, ukizirudia inapakua tena. Nilidhani binti yangu ndiye anafuta.

Baba Mapacha: Asanteni. Kwa hiyo nisingeufuta, ungeendelea kutoka 31?

Fundi_Pikseli: Mara nyingi ndiyo, kama mtengenezaji aliweka uwezo huo. Ukiusakinisha tena, zima data ya simu kabla ya kuufungua, uufungue palipo na Wi-Fi, uuache mpaka watoto waone menyu. Ukija kutaka nafasi, bonyeza "Futa kache". Ukibonyeza "Futa data", huenda GB zote 1.8 zikaondoka na uanze upya.