Mjadala: Filamu ya diapo ilikufa, sisi wa Goma tunalilia kitu gani?

Mwanzisha hoja, Himbi

Mara kwa mara mtu anabandika picha ya zamani ya Ziwa Kivu, rangi zimekolea kana kwamba imepigwa jana, na chini yake maombolezo yanaanza: zamani kulikuwa na picha, siku hizi kuna simu tu. Naweka hoja yangu mezani, atakayeweza anipinge: majonzi hayo si yetu. Tumeyaazima.

Kwa vijana ambao hawakuikuta: diapo ni filamu inayotoa picha yenyewe, siyo negativi, ile yenye rangi zilizogeuzwa ambayo lazima ichapishwe kwenye karatasi. Unaikata, unaitia kwenye fremu ndogo ya sentimita tano kwa tano, kisha unaiinua kwenye mwanga au unairusha ukutani kwa projekta. Iliyosifiwa kuliko zote ni Kodachrome, kazi ya wanamuziki wawili wa Marekani, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Ilitoka mwaka 1935 kwa sinema, mwaka uliofuata ikaingia kwenye kamera za kawaida. Juni 2009 Kodak, kampuni iliyoitengeneza, ikatangaza kuiacha. Labo ya mwisho duniani iliyokuwa ikiiosha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kupokea roli mwishoni mwa Desemba 2010. Roli iliyosahaulika kabatini baada ya hapo haitatoa rangi zake tena.

Sababu yake ndiyo inayonifikisha kwenye hoja. Rangi za Kodachrome hazikuwa ndani ya filamu. Ziliingizwa wakati wa kuosha, moja baada ya nyingine, kwa mashine kubwa inayosimamiwa na watu waliosomea kemia. Hakuna fundi wa Goma ambaye angeweza kuiosha nyuma ya studio yake. Ulikuwa unaitia kwenye bahasha, inakwenda Ulaya (labo ya Lausanne ilifungwa 2006), halafu inarudi kwa posta kwa mwenye anwani ya kueleweka. Nani alikuwa na anwani hiyo? Padri, mwenye shamba la kahawa, mtafiti wa volkano ya Nyiragongo, mtalii aliyefuata masokwe. Mama aliyepigwa picha akiuza samaki ufukweni hakuiona mpaka anazikwa.

Mpiga picha wa mtaani alitumia negativi kwa sababu mteja alitaka karatasi ya kuweka kwenye albamu. Kwa hiyo simu ndiyo iliyomfanya aliyepigwa aione picha yake ya rangi papo hapo, na kusema "futa hiyo, nimefumba macho". Mimi silii.

Fundi wa picha, Birere

Mdogo wangu, bahasha uliyosema ni kweli. Lakini usiifanye Kodachrome kuwa diapo zote. Ektachrome, diapo nyingine ya Kodak, na zile za kampuni ya Fuji zilioshwa kwa njia iitwayo E-6, na hiyo mtu anaweza kuifanya kwa mkono: dawa, tangi, saa, na maji ya nyuzi 38. Hizo nyuzi 38 ndizo zinazokutoa jasho, maana zikipanda au kushuka kidogo tu rangi zinakimbia. Kwa umeme wa hapa kwetu sikushauri, ila haikuwa siri ya wazungu.

Ninachokikumbuka mimi ni nidhamu. Diapo haisamehe. Ukikosea nusu diafragma, yaani uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga, umeumia, hakuna wa kukurekebishia kwenye karatasi kama ilivyokuwa kwa negativi. Uliupima mwanga kwanza, ukasogea, ukasubiri wingu lipite juu ya ziwa, ndipo ukabonyeza. Una picha 36 tu. Leo kijana anarudi kutoka ubatizo na picha elfu mbili, na zote mbingu imeungua, nyeupe tupu.

Na jambo jingine. Chukua diapo ya Kodachrome, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, uangalie upande usiong'aa. Utaona picha imevimba kidogo, kingo za shati na za mtumbwi zinaonekana kama zimechongwa. Hakuna simu itakayokupa hiyo.

Mpiga picha wa harusi, Katindo

Kaka fundi, hiyo nidhamu uliyoisifu nani aliilipia? Niambie ulivyopiga komunyo ya kwanza kwa diapo saa sita mchana. Gauni jeupe, uso mweusi, jua la utosini. Ukipimia gauni, mtoto anabaki macho na meno. Ukipimia uso, gauni linakuwa karatasi tupu. Filamu yenye uvumilivu mdogo hivyo inamwadhibu mtu mweusi aliyevaa nyeupe, na sisi Jumapili tunavaa nyeupe!

Hata ukiacha diapo, rangi zenyewe zilipimwa kwa ngozi nyingine. Labo za kuchapisha zilikuwa na kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, wakaiita Shirley, na ngozi ikifanana na ya Shirley basi mashine iko sawa. Kodak ilipoanza kurekebisha filamu ili zione vizuri rangi za kahawia, inasimuliwa kwamba waliosukuma zaidi ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Siyo sisi. Chokoleti!

Kamera yangu ya sasa inainua kivuli cha uso bila kuchoma gauni. Wanaotaka kulia walie, mimi nina wateja.

Mwanafunzi wa sanaa, Kyeshero

Mmesahau filamu iliyokufa ambayo inatuhusu moja kwa moja: Aerochrome. Nayo ni diapo ya rangi, ya Kodak, iliyotengenezwa kwa ajili ya upelelezi wa kijeshi kutoka angani. Majani mabichi yanarudisha miali ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, turubai lililopakwa rangi ya kijani halirudishi. Kwenye filamu msitu ulio hai unatoka mwekundu au waridi, na aliyejificha chini ya turubai anaonekana.

Kodak waliiacha 2009. Mpiga picha Richard Mosse wa Ireland akakusanya masalia yake, na kuanzia 2010 akaja nayo Kivu. Milima yetu ikawa ya waridi, wapiganaji wamesimama ndani yake na bunduki zao, na mwaka 2013 kazi hiyo ikawakilisha Ireland kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Wapo wanaosema alifanya vyema, kwa sababu ulimwengu ulikuwa umechoka kutuangalia na yeye akaulazimisha uangalie tena. Nawaelewa. Lakini kilichosifiwa sana ni filamu: ni adimu, haitengenezwi tena, roli zake zinahesabika. Uadimu ukapanda bei juu ya vita vyetu. Kwa hiyo mimi naunga mkono mwanzisha hoja, ila kwa hasira zaidi yake.

Mwalimu mstaafu, Majengo

Wanangu, mnaongea vizuri lakini mnaruka jambo moja. Mwanzisha hoja anasema kwa simu picha imebaki kwetu. Imebaki wapi? Simu imeibwa, imetumbukia ziwani, memori imekufa, akaunti imefungwa kwa sababu mtoto alisahau neno la siri. Nionyesheni picha zenu za miaka kumi iliyopita.

Najua mtaniambia lava ya Nyiragongo. Ni kweli, ile ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na albamu zikaungua pamoja na nyumba. Sasa angalieni kinachofuata: picha za Goma ya kabla ya hapo zilizo salama nyingi ni zile diapo za mapadri na watafiti, kwa sababu zilikuwa Ulaya, gizani, ndani ya masanduku. Kodachrome ikikaa gizani haichuji kwa urahisi. Kinachoiua ni taa ya projekta. Kwa hiyo msitupe sanduku pamoja na mwenye sanduku. Dai nakala.

Na mkizidai, msikubali zilizopitishwa haraka kwenye skana. Kodachrome inatoka na ubluu isiporekebishwa, na ile programu ya kufuta vumbi kwa infraredi huichanganya picha na uchafu, ikala hata mistari ya uso.

Mwanzisha hoja, Himbi

Mwalimu, nakala tudai, hapo tuko pamoja. Nadai picha, silii filamu. Ektachrome yenyewe ilirudi sokoni 2018 na sijaona mtu wa Goma akicheza ngoma.

Ila kuna haraka kuliko mnavyodhani. Fremu za diapo hizo mara nyingi zimeandikwa kwa penseli mahali na mwezi tu. Jina la mtu hakuna. Wanaoweza kusema yule kijana wa mtumbwi ni mtoto wa nani ni wazee wa Kituku na wa Sake, na wanapungua. Tukingoja makumbusho na makumbusho waandikiane barua, tutapokea picha safi za watu wasiojulikana. Nakala zozote zitakazopatikana, hata za ubluu, zianze kupita mikononi mwa wazee sasa.

Fundi, ile meza yako ya mwanga ya kuangalizia diapo bado ipo?

Fundi wa picha, Birere

Ipo. Taa yake imekufa. Leteni taa ya LED na mtu wa kulipia umeme, na yule wa harusi aje na kamera yake nzuri, tupige diapo moja moja juu ya kioo. Skana sina.

Mpiga picha wa harusi, Katindo

Jumamosi sipatikani, nina harusi mbili. Jumatatu naweza. Lakini majina yatakayopatikana yaandikwe kabla ya kubandika popote, na familia iulizwe kwanza.