Kisa kizuri, mapigano mabovu: filamu ya namna hii tuisamehe?

Mwenye mada, Langoni (Lamu)

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Lamu na Malindi. Kuna swali ambalo vijana wetu wanaoshika kamera hawawezi kulikwepa, maana pesa zao hazitoshi kufanya kila kitu: filamu ikiwa na kisa kizito lakini mapigano yake yanatia aibu, tuisamehe? Barazani wengi husema kisa ndiyo filamu yenyewe, ngumi ni mbwembwe tu. Nalipinga hilo. Katika filamu ya mapambano, pale watu wanapokabiliana ndipo kisa kinapoamuliwa. Ukipaharibu hapo, umekiharibu kisa.

Chukueni Black Panther ya mwaka 2018. Killmonger, mtoto aliyetelekezwa Marekani, anarudi kudai kiti cha ufalme, na ndani ya madai yake mna haki. Pigano lake la kwanza na mfalme T'Challa, pale kwenye maporomoko ya maji, unaliona lote. Vifua wazi, hakuna mwenye nguvu za dawa, maji yanapita miguuni, watu wake wamesimama wakimtazama mfalme wao akizidiwa. Unaumia naye. Sasa njoo pigano la mwisho, kule chini kwenye reli ya mgodi. Mavazi mawili meusi yanayofanana, yamechorwa kwa kompyuta, yanaruka na kugongana bila uzito wowote. Hujui nani kampiga nani. Watu wa damu moja wanauana, nami nasubiri tu wamalize. Filamu hiyo ilipata Oscar 3, za mavazi, mandhari na muziki, na zote ilizistahili. Ndiyo maana inaniuma.

Batman Begins ya 2005 nayo. Kisa cha kijana anayejifunza kuitawala hofu yake kimejengwa vizuri sana. Waigizaji walifundishwa Keysi, mtindo wa kupigana kwa karibu wenye asili ya Hispania. Halafu kamera ikasogezwa puani na picha zikakatwakatwa, mafunzo yote yakamezwa na giza.

Sisi wa hapa hatupaswi kuridhika na hayo, kwa sababu tuna kirumbizi, ngoma yetu ya kuchezea fimbo. Wakati wa Maulidi wawili huingia katikati na bakora zao, zumari linalia, ngoma inaitika. Fimbo haijainuka bado lakini kwa mwendo wa miguu peke yake umeshajua nani ana haraka na nani anamsubiri mwenzake akosee. Fimbo ikishuka, unaiona inakotoka na inakotua. Hivyo ndivyo pigano linavyosimulia.

Dada wa Mkomani (Lamu)

Kaka yangu, umeiacha sehemu kubwa kuliko zote. Baada ya pigano hilo unalolilaumu, Killmonger amechomwa, anatazama jua likitua. Anaambiwa huenda akatibiwa. Anakataa. Anaomba azikwe baharini pamoja na wazee wake walioruka kutoka merikebuni, kwa kuwa walijua mauti ni bora kuliko utumwa. Sisi ni watu wa pwani, tunajua majahazi yalibeba nini zamani. Nilipoyasikia maneno yale nililia, na reli yako sikuikumbuka tena. Kama pigano bovu lingekuwa limekiua kisa, maneno hayo yangenifikaje?

Kijana wa Malindi

Sisi tumekulia filamu za Kihindi. Staringi mmoja anapiga kumi, ngumi haijafika mlio umeshasikika, na hatulalamiki. Tunachotaka kujua ni kama mama yake atapata haki. Nyinyi mnataka mapigano ya kweli kweli, kwani mnaenda vitani?

Fundi kamera, Malindi

Mdogo wangu, mwenye mada hakusema ya kweli, alisema yanayoonekana. Ngumi ya Kihindi ni ya uongo lakini unaiona yote tangu mkono unapoinuka hadi jamaa anapotua juu ya mkokoteni. Ugonjwa tunaouzungumzia ni mwingine. Taken 3 ina kipande kinachojulikana sana ambapo Liam Neeson anaruka ua: sekunde 6 hivi, na picha imekatwa zaidi ya mara 10. Kuruka ua tu! Mhariri hufanya hivyo pale ambapo hana picha moja nzima ya kuiamini. Labda muigizaji hakupewa muda wa mazoezi, labda aliyeruka si yeye na sura yake haitakiwi kuonekana.

Lakini haraka peke yake si kosa. The Bourne Ultimatum ya 2007 inakatwa kwa kasi na kamera inatetemeka, na ilipata Oscar ya uhariri. Tofauti ni kwamba pale kila kipande kinakuambia mtu yuko wapi na anashika nini. Na John Wick ya 2014 ilisimamiwa na Chad Stahelski, yule aliyekuwa akimwigizia Keanu Reeves sehemu za hatari kwenye The Matrix. Mtu wa kazi hiyo anajua arudi nyuma na kamera yake, aache mwili wote uonekane.

Sasa tuje kwetu. Pigano la dakika moja linakula siku nzima ya kupiga picha, na kabla ya hapo mazoezi. Ufukweni ni mateso: mchangani teke halina nguvu, mguu wa kusimamia unazama, muigizaji anayumba, na ukirudia mara ya tatu mchanga wote umechorwa nyayo za mara mbili za kwanza. Ninachowaambia vijana ni hiki: kama huna muda wa mazoezi, pigano litoe. Nairobi Half Life ya 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kugombea Oscar, ina bastola na damu, lakini mimi nakumbuka Mwas akisafisha choo cha mahabusu. Hakuna aliyepigwa pale, na moyo unakwenda mbio.

Mzee wa Shela

Wanangu, mnahangaika na Marekani na Fumo Liyongo mnaye. Amefungwa gerezani, mama yake anamtuma kijakazi na mikate mizuri pamoja na mmoja wa wishwa. Walinzi wanakula mikate mizuri, huo wa wishwa wanaudharau, wanampa yeye. Ndani mna tupa. Usiku watu wanapiga ngoma na kuimba nje, naye anaikata minyororo, sauti ya tupa inafichwa na ngoma. Hapo pana pigano? Hapana. Lakini nani atakayethubutu kuondoka? Na siku ya kufa kwake, baada ya mwanawe kumchoma sindano ya shaba kitovuni, alikwenda kisimani, akapiga goti, akaweka mshale kwenye uta, akafa hivyo hivyo. Watu wakakaa siku kadhaa hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Mji mzima umeshindwa na maiti.

Mwenye mada, Langoni

Dada yangu, sikatai, maneno ya Killmonger ni mazito. Lakini jiulize yanategemea nini. Yanategemea lile pigano la majini, ambako tulimwona kwa macho yetu akiwa mtu mwenye mwili na makovu yake. Laiti mapigano yote mawili yangekuwa ya kompyuta, pale mwisho angekuwa mgeni anayetoa hotuba. Na lau la pili lingekuwa kama la kwanza, ungelia kabla hajafungua mdomo.

Fundi, kutoa pigano nakubali, na bora kulitoa kuliko kuliharibu. Nisichokubali ni kulifanya hilo kanuni, tukabaki na filamu za watu wanaoongea sebuleni. Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000 ina pigano la wanawake wawili uani: mkubwa anabadilisha silaha moja baada ya nyingine, na upanga wa yule msichana unazikata. Mwisho anamwekea shingoni upanga uliovunjika, anamhurumia, na msichana anamjeruhi mkono. Kiburi cha mmoja na subira ya mwingine vimesemwa humo bila hotuba.

Mzee wangu, kisima cha Liyongo kinataka uta mmoja, goti moja na watu wenye ndoo tupu. Kisima tunacho na watu tunao. Fundi, ukija Lamu, kamera utaiweka upande gani, wa Liyongo au wa wenye ndoo?

Fundi kamera, Malindi

Wa wenye ndoo. Mbali, ili ncha ya mshale ionekane lakini macho yake yasionekane. Nikija karibu na uso wake tu, watazamaji watajua amekufa.