Picha ya babu na saa: nikate pembeni kabla ya kuprinti, au niiache ilivyo?

Kivuli_Chepesi
Wakuu, habari za humu. Nina picha nataka kuiprinti niitundike ukutani, nimekwama kwenye kukata. Babu yuko katikati, kainamia meza anatengeneza saa ya mkononi, kibano kwenye vidole. Kushoto kabisa mjukuu kasimama dirishani, mgongo ameupa chumba lakini kichwa kakigeuza anamchungulia. Kulia pembezoni kuna kiwiko cha mtu aliyekuwa anapita, pamoja na kipande cha pazia. Faili ni pikseli 6000 kwa 4000. Fremu ninayo tayari, ya inchi 8 kwa 10.

Naona njia tatu. Niiprinti nzima kwa 8 kwa 12 na nitafute fremu nyingine. Niikate iingie kwenye hiyo 8 kwa 10. Au nibane kabisa ibaki mikono, saa na uso wa babu. Nyie mngefanyaje?

MzeeWaFilamu
Iache nzima. Ukishazoea kwamba utakata baadaye, jicho linalegea wakati wa kupiga. Enzi za filamu wengine tulikuwa tunaacha mpaka ule ukingo mweusi wa negativu, yaani filamu iliyosafishwa, utokee kwenye karatasi, mtu aone mwenyewe kwamba hapa hakuna kilichopunguzwa. Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, msimamo wake ulikuwa huohuo. Kiwiko kilikuwepo siku hiyo, kiache.

Dada_Lenzi
Shikamoo mzee. Mbona huyohuyo Cartier-Bresson ile picha ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha Saint-Lazare, Paris, 1932, imekatwa? Alipigia kwenye mwanya wa uzio wa mbao, upande mmoja ukaziba. Halafu kuna ile ya mwanamapinduzi Che Guevara aliyopiga Alberto Korda mwaka 1960. Kwenye negativu kuna mtu mwingine upande mmoja na makuti upande wa pili. Vikaondolewa vyote viwili, ndiyo ikabaki sura ambayo dunia nzima inaijua.

MzeeWaFilamu
Marahaba. Hiyo ya Saint-Lazare ni tofauti, uzio uliziba lenzi. Kiwiko cha kijana huyu kimeziba nini?

Dada_Lenzi
Kimeziba utulivu, mzee wangu 😄 Kila jicho likitua kwa babu, kiwiko kinalivuta kulia.

Hesabu_Kwanza
Kabla hamjagombana, tupige hesabu. Picha yako ina uwiano wa 3 kwa 2, kwa hiyo 8 kwa 12 inaingia yote bila kupoteza kitu. Karatasi ya 8 kwa 10 ni mraba zaidi: kwa urefu wa pikseli 4000 kwenda juu, upana unaohitajika ni 5000. Maana yake utupe pikseli 1000, sehemu moja ya sita ya picha. Hapo swali ni unazitoa upande gani. Kiwiko na pazia vimechukua upana gani? Na mtoto anaanzia wapi?

Kivuli_Chepesi
Nimepima. Kiwiko na pazia ni kama pikseli 400. Mtoto anaanza kama pikseli 250 kutoka ukingo wa kushoto.

Hesabu_Kwanza
Basi jibu limeshajitokeza. Ukitoa 400 kulia, bado unadaiwa 600. Ukizitoa kushoto, kisu kinapita mgongoni mwa mtoto. Ukizitoa zote kulia, unaanza kula meza na pengine mkono wa babu. Fremu ya 8 kwa 10 haikupendi.

Ila ona hiki: 6000 kutoa 400 ni 5600, na 5600 kwa 4000 ni 7 kwa 5 kamili. Kiwiko kinaondoka, mtoto anabaki mzima, na unaingia kwenye saizi inayouzwa kila mahali. Hata A4 iko jirani sana, unanyofoa pikseli kama 40 tu juu au chini.

Pembe_Nne
Mimi ningebana, njia ya tatu. Mikono na saa vinatosha.

Dada_Lenzi
@Pembe_Nne hapo sikubaliani nawe. Mtoto akitoka, inabaki picha ya fundi saa, nzuri lakini tumeziona nyingi. Yule mtoto anayejifanya anatazama nje huku anaiba kwa jicho ndiye anafanya nitake kuitazama tena. Kwa upande wa ubora haina shida sana: hata ikibaki 2400 kwa 1600, kwa pikseli 300 kwa inchi unapata inchi 8 kwa 5 na theluthi. Ya ukutani inatazamwa kwa mbali, 200 inatosha, unafika 12 kwa 8.

FundiFremu
Kaka Kivuli, fremu yako usiitupe. Weka paspatu, ile kadi yenye dirisha katikati. Paspatu ya nje 8 kwa 10, dirisha la picha ya 5 kwa 7, ni kitu cha kawaida kabisa. Dirisha hukatwa dogo kidogo kuliko karatasi ili lishike kingo, kwa hiyo milimita chache zitafichwa kila upande. Mtoto wako asigandane na ukingo.

Jambo la pili: mashine nyingi zikiprinti bila mpaka mweupe huikuza picha kidogo ili kusibaki mstari mweupe, kingo zinaliwa hapo pia. Mwambie anayekuprintia aitoshe picha ndani ya karatasi, asiijaze. Ukimwachia mashine ikate yenyewe, inakata katikati bila kujali nani amesimama wapi.

Kivuli_Chepesi
Aisee, paspatu sikuiwaza. Ila 5 kwa 7 si itakuwa ndogo ukutani?

FundiFremu
Kwa sebule pana, ndiyo, itapotea. Kwa kona ya kusomea au juu ya meza inakaa vizuri, mtu anaisogelea. Ukitaka kubwa, printi 10 kwa 14 kwa uwiano huohuo. Pikseli 5600 kwa inchi 14 ni 400 kwa inchi, unazo za kumwaga, lakini hapo fremu mpya haikwepeki.

MzeeWaFilamu
Kijana, kabla ya kukata chochote, printi nzima kwenye karatasi ya kawaida, hata ya ofisini. Kata kadi mbili umbo la L, uzipandanishe juu ya picha zifanye dirisha, uwe unasogeza. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Kwenye skrini unakuza na kupunguza mpaka macho yanachoka. Kwenye meza unaona mara moja ukingo unapomgusa mtoto. Na faili asilia lisiguswe, fanya kazi kwenye nakala.

Dada_Lenzi
Mzee wa kutokata ndiye anatufundisha kukata 😂

MzeeWaFilamu
Nimemfundisha kutazama. Nina hakika akifika kwenye kiwiko atasita.

Kivuli_Chepesi
Nimejaribu kadi za L jioni hii. Kiwiko kimeondoka bila mimi kusita, samahani mzee. Ila kilichonishangaza ni pazia: ukilibakiza kidogo, kama nusu yake, linafunga upande wa kulia na babu haonekani kama anaelekea kutoka nje ya picha. Sasa kiwiko kiko chini na pazia liko juu yake. Nikilibakiza pazia, ncha ya kiwiko inarudi.

Pembe_Nne
Ifute hiyo ncha kwa programu, dakika moja tu.

MzeeWaFilamu
Hapo sasa mnaniudhi kweli.

Hesabu_Kwanza
@Kivuli_Chepesi kama ncha iko chini kabisa, kata kidogo kwa chini badala ya kufuta. Ukibakiza 5800 kwa upana, kwa uwiano wa 7 kwa 5 urefu ungetaka kuwa 4143 na wewe una 4000 tu, kwa hiyo utatoka kwenye uwiano huo. Itabidi paspatu ya kuagiza. Dirisha likatwe kwa kipimo chako.

FundiFremu
Inakatwa, haina tabu. Niletee vipimo vya picha yenyewe baada ya kuprinti, usinipe vya kwenye skrini.