Wimbo wangu haushiki: nirekebishe ubeti, kiitikio au biti?

Sauti_ya_Nyegezi
Habari za jioni wadau. Nina wimbo, "Taa za Ziwani". Mwanamke wa Kirumba, Mwanza, anamsubiri mumewe anayevua dagaa. Beti tatu, mapigo 96 kwa dakika. Watu wakiusikia wanasema mzuri, kisha wanaendelea na mazungumzo yao. Naupenda sana, sitaki kuutupa. Hela yangu inatosha kurudi studio mara moja tu, kwa hiyo nachagua: (1) niondoe ubeti wa tatu, maana unarudia ya kwanza na ya pili, (2) niandike kiitikio upya, (3) maneno yabaki, prodyuza abadili biti.

Kiitikio: "Taa za ziwani, mrudisheni."
Ubeti wa tatu unaanza: "Mwezi umewaka, nalala peke yangu, / Mume yu majini, wavu mkononi."

Fundi_Biti_Igoma
Kazi yangu ni biti na bado nasema (3) iwe ya mwisho. Biti mpya inachangamsha masikio kwa muda, udhaifu ukiwa palepale. Imba na gitaa tupu, jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake. Utasikia mahali unapoharakisha kuufikia mstari unaofuata. Hapo ndipo pa kushika kalamu. Halafu, kiitikio chako kinaanzia noti ileile ya beti? Kama ndiyo, kipandishe. Masikio yanahitaji kujua kwamba tumefika.

Mwalimu_wa_Kwaya
Mimi naenda na (2), ila maneno usiyaguse. Tatizo ni mahali pigo linapoangukia. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: mrudiSHEni. Kama ngoma inapiga kwenye "ni" na wewe unaivuta hiyo "ni", neno linapinda na msikilizaji haliimbi hata kama hajui sababu. Anza mstari mapema kidogo, "she" ikutane na pigo zito. Nimeona kiitikio kilichokufa kikafufuka kwa hilo tu, bila kubadili hata herufi.

Sauti_ya_Nyegezi
Nimejaribu sasa hivi na gitaa. Mwalimu, kweli kabisa, "ni" ndiyo niliyokuwa naivuta! Kwa hiyo ubeti wa tatu naukata?

Bi_Mwaloni
Usiukate mwanangu, urekebishe. Dagaa wanavuliwa gizani. Taa ndizo zinazowavuta, na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu, ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku za mbalamwezi. Usiku huo unaouimba, mume yuko nyumbani anakula ugali. Sisi wa mwaloni, wanakoshusha samaki, tukisikia mstari ule tunatoka kwenye wimbo mara moja. Na fikiria: mke wa mvuvi anaupenda mwezi kwa sababu yake mwenyewe. Hilo hujalisema kwenye beti mbili za kwanza.

Fundi_Biti_Igoma
Bi Mwaloni amemaliza. Ubeti wa tatu ulikuwa unarudia kwa sababu haukuwa na habari mpya. Sasa inayo.

Mwana_Kisesa
Naongeza moja, na hapa sikubaliani na Fundi. Gitaa na simu chumbani havitoshi. Huku Usukumani vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana wakicheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanahamia upande unaowavutia. Njoo Bujora, huku Kisesa, mwezi wa Juni wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo ujionee. Mtunzi anaona kwa macho yake wimbo unapopoteza watu. Wewe pia, kabla ya kulipia studio, uimbe mbele ya watu wasiokujua, na usiwaulize kama ni mzuri. Angalia wanageuka mstari gani.

Sauti_ya_Nyegezi
Nitauimba Jumamosi kwenye sherehe ya jirani. Ubeti wa tatu sasa uko hivi:

Wenzangu husifu mwezi kwa uzuri,
Mimi nausifu, mume yu nyumbani.
Giza likirudi nahesabu taa,
Ipi ni yake? Zote naziombea.

Bi_Mwaloni
Mke huyu sasa namjua. Asante mwanangu.

Mwalimu_wa_Kwaya
Mizani (silabi) 12 kila mstari, itakaa vizuri. Ila usiruhusu kinanda kijaze nafasi baada ya "naziombea". Kiitikio kiingie papo hapo, maana ombi lenyewe ndilo hilo, na "she" iangukie kwenye pigo.