Kasri la Maruhubi: lijengwe upya au libaki gofu?

Mtu wa Bububu: Naleta hoja. Kasri la Maruhubi hapa Unguja, la Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, lilikamilika 1882; leo zimebaki nguzo, hamamu ya kuogea, mabwawa na mabaki ya mfereji wa maji. Mgeni anapiga picha dakika kumi, anaondoka. Kwa nini lisijengwe upya, ghorofa na roshani kama zamani? Nguzo zipo, ni kuzipiga plasta ya saruji tu.

Chokaa Mbichi: "Plasta ya saruji tu"! Sheikh, hapo ndipo majengo yetu yanapokufa. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Ukiufunika kwa saruji, maji yanabaki ndani na chumvi inagandia nyuma ya plasta. Misimu michache tu plasta inavimba, inaanguka na jiwe lake.

Mtu wa Bububu: Nimeuliza habari ya kasri, nasomeshwa plasta.

Mwana wa Malindi: Tusisahau nani kaliharibu. Waingereza walilipiga mizinga 1896.

Bi Mkubwa: Siyo, mwanangu. Mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 ilipigwa mjini, kwenye majumba ya Forodhani. Maruhubi liliungua 1899, na Barghash alishafariki tangu 1888. Ghorofa ilikuwa ya mbao, ndiyo maana zimebaki nguzo. Tena acheni ile hadithi wanayolishwa wageni, kuwa Barghash aliweka humo masuria 99. Anayeisimulia hakuonyeshi mfereji uliokuwa ukileta maji hamamuni, na huo ndio ufundi wenyewe.

Mwana wa Malindi: Haya, 1899. Lakini mkoloni ni mkoloni.

Chokaa Mbichi: Moto wenyewe ni hoja. Jiwe la matumbawe likishika moto mkali hugeuka chokaa. Tanuu la chokaa linafanya kazi hiyohiyo. Nguzo iliyoungua kwa nje usiitwike ghorofa mpya kabla ya kuipima hadi ndani.

Mtu wa Bububu: Basi tuache mitini iote juu yake?

Chokaa Mbichi: Nani kasema? Mtini unakatwa shinani, mizizi inaachwa ife na kukauka. Ukiivuta mibichi inang'oka na mawe. Kisha juu ya ukuta unaweka kofia ya chokaa yenye mteremko, maji yasisimame. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya roshani yoyote.

Pwani Mchangani: Chokaa chenu hicho kinapukutika kama unga. Saruji inakaa.

Chokaa Mbichi: Kinapukutika kwa sababu kimezimwa kwa maji leo, kesho kikapakwa! Kizime, kiloweke shimoni angalau miezi mitatu. Sehemu moja chokaa, tatu mchanga. Tabaka lisizidi sentimita moja, na ukuta uloweshwe kwanza. Ukipaka, funika kwa magunia yenye maji, jua lisikikaushe kabla hakijashika.

Pwani Mchangani: Mchanga gani? Wa ufukweni, hapo mlangoni pa kasri?

Bi Mkubwa: Huo una chumvi ileile mnayoikimbia.

Chokaa Mbichi: Bi Mkubwa kasema kweli. Ukikosa mwingine, uoshe kwa maji matamu mpaka yanayotoka ukiyaonja hayana chumvi. Si ndoo moja, wala si mbili.

Mtu wa Bububu: Na ghorofa je?

Pwani Mchangani: Subiri kwanza. Maji matamu ya kuosha mchanga wote huo yatatoka wapi, na mfereji umekufa?