Fundi anasema "mahogani na ngozi jenuini": nitahakikishaje kabla ya kulipa?

Nyar_Milimani
Wadau, habari zenu. Nataka kuagiza sofa ya watu saba (3+2+1+1) hapa Kisumu. Fundi wa kwanza anasema fremu ni mahogani na juu ni ngozi jenuini. Wa pili anasema fremu ni saiprasi na juu ni kitambaa, na bei yake iko chini kwa karibu theluthi. Sebule inapata jua la alasiri moja kwa moja, na kuna watoto wawili. Je, saiprasi ni kazi duni? Na nitatambuaje mbao na ngozi mimi nisiye fundi?

Randa_na_Msasa
Dada, saiprasi si kazi duni. Kwenye mahogani unalipia rangi na mistari yake, na hapo vyote viwili vitafichwa na kitambaa. Iweke panapoonekana tu: miguu, mikono, ukingo wa mbele. Fremu ya ndani, saiprasi iliyokauka inatosha kabisa.

Cha kuogopa ni bulugamu mbichi. Bei yake ni rahisi na mkononi ni nzito, basi mteja huona ameuziwa kitu imara. Ikikauka husinyaa vibaya: ubao wa inchi 12 unaweza kupungua zaidi ya nusu inchi, tena ukijipinda. Mbao ikishaachana na msumari, sofa huanza kulia kila mtu akikaa. Kuongeza misumari mingine hakusaidii.

Kutambua mti, usifuate rangi, maana rangi ya mahogani huuzwa kwenye kopo. Kwangua kwa kisu upande wa chini. Ukikuta weupe wa manjano na ile harufu kali ya saiprasi, umepata jibu. Kisha tazama kichwa cha ubao, pale msumeno ulipoukata mkato wa kukingama. Kilainishe kwa wembe, ukilowanishe kidogo. Mahogani na mvule zina vitundu vinavyoonekana kwa macho, kama umechoma kwa sindano. Saiprasi na paini hazina. Mvule iliyopasuliwa karibuni huwa ya manjano na hugeuka kahawia kadiri inavyopigwa na mwanga, kwa hiyo manjano yasikutie shaka. Elgon teak (mti mwingine wa mbao ngumu) utaijua kwa uzito: takriban kilo 900 kwa mita ya ujazo, mvule ikiwa kama 650.

Unyevu: omba kipande cha inchi moja kilichokatwa mbali na ncha ya ubao (ncha hukauka kwanza, itakudanganya). Kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi, ukipime tena hadi uzito usibadilike. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 230 zikishuka hadi 200, hiyo ni asilimia 15. Kwa hewa ya kando ya ziwa tafuta 12 hadi 14. Ikifika 20, mwambie asubiri.

Vipimo: ubao wa mbele wa kochi la watatu uwe 4x2 uliosimamishwa wima, si kulazwa, na mguu wa ziada katikati. Kila kona ya ndani iwe na kipande cha pembetatu kilichotiwa gundi na skrubu. Kona ya misumari mitupu ndiyo hufunguka kwanza, hasa watoto wakirukaruka.

Bungua_Hapiti
Naongeza kwa hayo ya Randa. Hata mvule ina sehemu mbovu. Kiini chake mchwa hawakipendi, lakini ule weupe wa pembeni karibu na gamba ni chakula cha bungua. Ukiona unga laini kama wa ngano chini ya kiti, na vitundu vya duara vya milimita moja au mbili, tayari wamo. Vanishi juu ya mbao iliyoingiwa haiwaui. Kataa weupe huo kwenye miguu, na mbao za fremu zipakwe dawa ya boraksi pande zote kabla ya kuunganishwa. Baadaye brashi haifiki kwenye maungio.

Sindano_Nakuru
Mimi naingia kwenye ngozi, na naanza na hesabu. Mita moja ya kitambaa cha upana wa inchi 54 ni sawa na futi za mraba 20 za ngozi, ukihesabu na vipande vinavyotupwa. Seti yako itakula kama mita 26, yaani futi za mraba 520. Ngozi kubwa ya ng'ombe ina futi 50 hivi, na za ng'ombe wetu wa kienyeji ni ndogo zaidi, tena zina alama za kupe na za chuma cha moto. Kwa hiyo unazungumzia ng'ombe zaidi ya kumi. Halafu tofauti ya bei iwe theluthi tu? Hiyo si ngozi, dada. Huenda ni ngozi pale unapokalia tu, na reksini (ngozi bandia ya plastiki) kwingine kote.

Neno "ngozi" sokoni hubeba vitu vingi: ngozi ya tabaka la juu, ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki, ngozi ya kusaga (mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi), halafu PU na PVC, ambazo ni plastiki za kuiga ngozi. Omba kipande, kigeuze. Nyuma ya ngozi kuna nyuzinyuzi kama suedi. Nyuma ya PU na PVC kuna kitambaa kilichofumwa. Ya kusaga inaweza kukuchanganya, lakini ukiivuta hukatika kama kadibodi. Choma ukingo kidogo nje ya nyumba: ngozi hunuka nywele zilizoungua na haishiki moto kirahisi, plastiki huyeyuka na kutoa moshi mkali. Tone la maji si kipimo, kwa sababu ngozi iliyopakwa rangi nzito nayo hainywi maji.

Kwa Kisumu, PU ndiyo mbaya kuliko zote. Joto, jasho na unyevu wa hewa huvunja ile plastiki yenyewe, ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha. PVC hustahimili unyevu zaidi, ila hukauka na kupasuka, hasa mahali pa kichwa panapopata mafuta ya nywele. Usiisafishe kwa spiriti.

Chukua kitambaa. Uliza idadi ya misuguano ya kipimo cha Martindale (mashine husugua kitambaa kuona kitachakaa lini): kwa familia, 25,000 kwenda juu. Asipoijua, vuta kitambaa mshazari uone kama nyuzi zinaachana, kisha kikingie dirishani. Mwanga ukipenya kama kwenye chandarua, achana nacho. Sugua kwa leso nyeupe iliyolowa. Leso ikishika rangi, nguo za watoto zitashika pia. Polista ya kufumwa bapa inafaa jua lako. Shenili ni laini ila hunasa kwenye zipu na funguo. Mahameli inapendeza, lakini vipande vyote vikatwe manyoya yakielekea upande mmoja. Kimoja kikigeuzwa, kiti kimoja kitaonekana kama cha rangi nyingine, na fundi atakuapia ni kitambaa kilekile. Atakuwa anasema kweli.

Nyar_Milimani
Asanteni sana. Hiyo ya ng'ombe kumi imenimaliza. Na sponji? Wote wawili wanasema "hevi dyuti".

Randa_na_Msasa
"Hevi dyuti" ni maneno ya stika. Pima kwa mizani. Mto wa inchi 24x24 wenye unene wa inchi 5 una mita za ujazo 0.047. Sponji ya kilo 28 kwa mita ya ujazo itakupa kilo 1.3 bila kava. Ukipata gramu 850, hiyo ni ya kilo 18 na itabonyea mapema. Ugumu wa mkononi haukuambii chochote, kwa kuwa sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu. Na vipande vya sponji vilivyogandishwa pamoja huwa vizito sana, kwa hiyo fungua zipu uone kama rangi ni moja.

Chini yake, mikanda ya lastiki ipishane kama mkeka, nafasi isizidi inchi 2.

Malipo yagawe mara tatu, na sehemu ya pili uitoe fremu ikiwa bado uchi na umeikagua. Akikwambia ameshaifunika kwa sababu alikuwa na haraka, afungue gunia la chini. Ni stepoli tu, dakika kumi.