Trela: nikikanyaga breki, indiketa zinawaka

Kabichi_Limuru
Jameni, naomba ushauri. Nina pikapu ya kutoka Japani na trela dogo la kupeleka kabichi soko la Marikiti, Nairobi. Nikikanyaga breki, taa za trela zinafifia na indiketa zinawaka kidogo, hata zile za gari. Nikiliondoa trela, gari liko sawa. Fundi mmoja anataka tung'oe nyaya zote. Nashuka Waiyaki Way alfajiri gizani, matatu ziko nyuma yangu, na sijui kama wananiona nikifunga breki. Nianzie wapi?

Msafiri_Rongai
Rilei ya indiketa hiyo, kile kidude kinachofanya indiketa ziwake na kuzima. Nenda Grogan kwa wauza spea ununue nyingine.

FundiWaya_Kariobangi
Si rilei. Ingekuwa mbovu, indiketa zingekusumbua hata bila trela. Hapo umeme wa breki umekosa njia ya kurudi kwenye betri, basi unapenya kwenye balbu za indiketa na kurudia kwenye gari. Waya wa hasi ndio umekatika au una kutu. Using'oe kitu kwanza. Chukua waya mrefu, ufunge upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine uguse nao hasi ya taa ya trela huku mtu amekanyaga breki. Zikiwaka vizuri, umepata ugonjwa.

Kabichi_Limuru
Lakini trela si limeshikana na gari kwa chuma?

FundiWaya_Kariobangi
Kile kichwa cha kuvutia kina grisi na kutu, usikitegemee kabisa. Hasi lazima iwe na waya wake.

Mama_Kanta
Fungua pia plagi. Kama ni ya pini saba za duara, waya mweupe kwenye pini namba 3 ndio hasi. Njano namba 1 ni indiketa ya kushoto, kijani namba 4 ya kulia, nyekundu namba 6 breki. Usifuate rangi za nyaya za gari, Wajapani wana zao. Pima kwa testa.

Kabichi_Limuru
Nimejaribu ule waya wa betri, taa zimewaka zote! Hasi ilikuwa imefungwa kwa bolti juu ya rangi, na chini kuna kutu. Sasa niweke waya wa unene gani?

FundiWaya_Kariobangi
Milimita za mraba 2.5 kwa hasi, maana inabeba mzigo wa taa zote. 1.5 inatosha kwa zingine. Piga msasa hadi chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi juu. Na usiunge kwa kusokota na tepu, mvua ya Limuru itakurudisha hapa.